Usiku wa Meli ya Pemba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano wa Mwaka wa Wanafunzi wa Zamani, katika ukumbi wa skuli)



Katibu wetu aliponiandikia barua ya kuniomba nizungumze, alitaka niseme juu ya maendeleo ya elimu tangu siku zetu. Nilimjibu kwamba juu ya elimu wamo humu watu wajuao zaidi yangu, na baadhi yao walijaribu kunifundisha hesabu kwa miaka miwili bila ya mafanikio. Nikamwomba ruhusa niseme juu ya jambo ambalo nusu ya dahalia yetu ililijua kuliko jiografia ya kitabuni, nalo ni safari ya usiku kwa meli baina ya Unguja na Pemba. Akakubali, ingawa nadhani alitazamia kichekesho. Kichekesho kimo, lakini si hicho tu.

Mimi nililetwa hapa mwaka 1976 kuanza Kidato cha Tatu, na kwetu ni Mkoani. Kwa mtoto wa mjini, skuli ikifungwa yeye huchukua mkoba wake akatembea kwa miguu mpaka kwao, akakuta chakula cha mchana kimepakuliwa. Kwetu sisi watoto wa Pemba, siku ya kufungwa skuli ndiyo siku ya kuanza shughuli nyingine. Wiki nzima kabla yake maneno yalikuwa hayo kwa hayo: nani amepata tikti, nani hajapata, nani ana mjomba anayefanya kazi bandarini. Tikti zilikuwa haba kila mwisho wa muhula, na mwaka wa karafuu nyingi zilikuwa haba zaidi, kwani wachumaji, wafanya biashara na wanafunzi wote walikuwa wakielekea upande mmoja.

Basi jioni hiyo tulishuka Malindi na masanduku yetu ya bati. Yule ambaye hajapata kuiona gati ya Malindi usiku wa meli ya Pemba ni tabu kumweleza. Magunia ya mchele na unga yanapanda, baiskeli zinapanda, magodoro yanapanda, kuku wamo katika matenga wanalalamika, mahamali wanapiga kelele watu wawapishe, na kila bibi ana vikapu sita na anataka kijana mwenye adabu amchukulie vitatu. Sisi tulikuwa tumevaa mashati meupe ya skuli, kwa hiyo vijana wenye adabu tulikuwa ni sisi. Nimewahi kupanda meli na mbuzi wa mtu nisiyemjua, nikakabidhiwa kamba tu, na mwenyewe sikumwona tena mpaka asubuhi.

Ukishapanda, jambo la kwanza ni pahala pa kutandika mkeka. Hapo wakubwa wetu wa Kidato cha Nne walikuwa na elimu yao, nasi tuliirithi. Mgeni hukimbilia mbele ya meli apate upepo, na ikifika saa saba za usiku anajuta. Meli hupanda na kushuka mithili ya pembea ya ubao: miisho yake miwili ndiyo inayokwenda juu sana na chini sana, na katikati ndipo penye utulivu. Basi mwenye akili hutafuta katikati, karibu na ubavu wa chumba cha injini, hata kama pana joto na harufu ya mafuta. Tena hulala chali, kichwa chini, asinyanyuke. Ndimu ya kunusa mfukoni, na tumbo lisiwe tupu wala lisiwe limejaa.

Vijana wa sayansi watanisamehe nikiwaeleza pepo, maana bila ya pepo safari hii haieleweki. Kutoka Malindi meli hushika kaskazini, ikipita na pwani ya magharibi ya Unguja. Taa za Bububu zinabaki nyuma, baadaye Tumbatu inakuwa kama ukuta mweusi, kisha ndio mnara wa taa wa Nungwi. Mpaka hapo mmekingwa na ardhi. Watu wanakula, wanacheza karata, wengine wanaimba. Wazee wetu walikuwa wakisema kwamba mpaka Nungwi bado hujasafiri. Ukiiacha Nungwi ndipo unapoingia bahari iliyo wazi upande wa mashariki. Unguja imekaa juu ya uwanda mmoja na bara, na maji ya baina yao si marefu sana. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, na maji ya pwani yetu yote huvutwa kwenda kaskazini. Mwezi wa Disemba, tulipokuwa tukirudi nyumbani, kaskazi ilikuwa imeshaanza, kwa hiyo meli ilikuwa ikiyapiga mawimbi kwa kifua chake. Katikati ya mwaka, wakati wa kusi, tulikwenda na bahari ya nyuma, na tabu ikawa katika kurudi skuli. Naona hili lilikuwa na mafunzo yake, kwani hatukupata kurudi skuli kwa raha hata mara moja.

Alfajiri huingia polepole. Visiwa vidogo vya kusini ya Pemba vinaanza kujitokeza, Kisiwa Panza, Makoongwe, na bahari inalala ghafla kama mtu aliyemaliza kugomba. Wageni wanaoandika vitabu hupenda kusema kwamba Pemba hunukia karafuu kabla ya kuonekana. Huenda. Mimi kwa miaka yangu yote nilinusa mafuta ya injini na matapishi ya jirani mpaka nilipokanyaga gati ya Mkoani, na hapo, ikiwa ni msimu, ndipo karafuu zilipokuja, kutoka kwenye magunia.

Sasa nakuja kwenye kisa. Katika dahalia kitanda changu kilikuwa cha tatu kutoka mlangoni, na cha nne kilikuwa cha kijana mmoja wa upande wa Wete. Mwenyewe yumo humu ukumbini leo, amevaa kanzu nzuri, na ameshanikataza nisimtaje jina. Nitamwita jirani yangu.

Mwisho wa mwaka 1977 mimi nilikuwa na tikti mapema, jina langu limeandikwa katika orodha ya abiria kwa wino. Jirani yangu hakupata. Asubuhi ya siku ya safari akaletewa habari na mtu aliyetoka Pemba kwamba mama yake ni mgonjwa sana, na meli nyingine ni baada ya siku mbili. Hakuniomba kitu. Alikaa kitandani tu akitazama sanduku lake. Nikampa tikti yangu. Sisemi haya ili nisifiwe. Kwanza nilikuwa na mpira wa kucheza kesho yake, na nilikuwa naona siku mbili za Unguja bila ya mwalimu wala kengele ni zawadi. Tukakubaliana kwamba akiulizwa jina ataje langu. Alilisema vizuri, wala hakuulizwa mara ya pili.

Usiku ule, mbele kidogo ya Nungwi, injini ya meli ile ikazima. Sina haja ya kuitaja meli, na waliokuwa na dhamana yake wengi wameshatangulia mbele ya haki. Jirani yangu ndiye aliyenihadithia. Anasema kilichomtisha hakikuwa kelele. Kilikuwa ni kimya. Sauti ile ya injini, ambayo mtu huizoea mpaka akaisahau, ikakatika, na meli ikaanza kugeuka taratibu mpaka ikayapa mawimbi ubavu. Hapo kila kitu ambacho hakikufungwa kikaanza kutembea: matenga, masanduku, watu. Majaketi ya kujiokolea yalikuwa yamefungiwa kabatini, na mwenye ufunguo alikuwa anatafutwa. Walielea hivyo mpaka kukapambazuka, kisha mafundi wakaiamsha injini, na wakafika Mkoani baada ya adhuhuri wakiwa hai wote, alhamdulillahi.

Wazee wangu walikuwa gatini tangu alfajiri. Siku zile hakukuwa na simu ya mkononi ya kuuliza. Ukiona meli haikuja, ulikaa ukaitazama bahari. Ilipofika, jirani yangu, mwenye mama mgonjwa, alikuwa miongoni mwa wa mwanzo kushuka, akarukia gari ya shamba iliyokuwa inaondoka kuelekea kaskazini. Hakuwajua wazee wangu wala wao hawakumjua. Wakashuka watu wote. Mama akawatazama mmoja mmoja. Ikabaki meli tupu na mabaharia wanaosafisha. Baba akaenda kwa karani, akaomba atazamiwe orodha. Karani akapitisha kidole chake, akasema, "Huyu hapa. Jina lake limo. Amepanda Unguja."

Mimi sikuwapo kuyasikia maneno hayo, lakini nimeyasikia kwa miaka arubaini na zaidi. Jina limo, mtoto hayumo, na usiku kucha meli imelala ubavu baharini. Fikirini wenyewe mtu atafahamu nini. Mama aliwauliza abiria, na mmoja, ambaye nina hakika hakuwa na nia mbaya, akasema alimwona kijana wa shati jeupe akitapika kwenye ukingo, na hakumwona tena.

Nilipofika mimi, siku mbili baadaye, nikiwa na furaha zangu na halua ya kumpelekea mama, nilikuta mikeka imetandikwa uani na akina mama wa mtaa wamekaa. Baba alikuwa amekataa isisomwe hitma mpaka zipite siku tatu, na kwa hilo tu ndio sikufika nikakuta nasomewa mwenyewe. Mtoto mdogo wa jirani aliyeniona kwanza alikimbia. Mama alitoka ukumbini, akanitazama toka kichwani mpaka miguuni, akanipiga kofi ambalo nalisikia mpaka sasa, kisha akanishika shati kwa mikono miwili wala hakuniachia mpaka magharibi. Hakusema neno. Kwa muda wa juma zima alikuwa anaamka usiku kuja kunigusa mguu.

Kitu kimoja sikukifikiri kwa wakati ule, nikakifikiri nilipokuwa mtu mzima. Upande wa Wete, usiku ule ule, wazee wa jirani yangu walilala usingizi wa raha. Hawakujua kwamba mtoto wao yuko baharini. Lau ile meli ingekwenda chini, mimi ningeliliwa nikiwa nacheza mpira, na yeye angelikufa pasiwe na mtu duniani ajuaye kwamba alipanda, ila mimi. Na mimi, nakuambieni kweli, sina hakika kama ningelikuwa na ujasiri wa kwenda kusema.

Ndugu Mwenyekiti, watu wa umri wangu hawawezi kutaja safari hii bila ya kufika Septemba 2011. MV Spice Islander iliondoka Malindi usiku wa Ijumaa, tarehe 9, kuelekea Pemba. Idi ilikuwa imekwisha punde, watu wanarudi makwao, na wanafunzi wengi walikuwamo. Ilikuwa ni meli ya zamani, imeundwa Ugiriki mwaka 1967. Iliruhusiwa kuchukua abiria 645. Uchunguzi uliofanywa baadaye ulionyesha kwamba waliokuwamo walizidi 2,000, pamoja na mizigo yao. Saa saba za usiku, mbele ya Nungwi, pale pale ninapopasema, ikapinduka na kuzama. Wavuvi wa Nungwi walitoka na mashua zao kuokoa watu, na wako waliookoka kwa kushikilia magodoro yaliyokuwa mzigo wa watu wengine. Wapiga mbizi kutoka Afrika Kusini waliletwa, lakini kina cha maji kiliwazidi.

Nilikuwa miongoni mwa watu waliokwenda Maisara, ambako maiti zililetwa zitambuliwe. Sitaeleza niliyoyaona. Nitasema nililolisikia tu. Watu walikuwa wakiuliza ni nani waliopanda, na hapakuwa na orodha iliyoweza kuwajibu. Maiti zilizopatikana zilikuwa mia mbili na kidogo. Waliobaki, ilibidi watafutwe kwa kuuliza jamaa zao: nani ametoka kwako, nani hajarudi. Bibi mmoja alikuwa akimwambia kijana aliyeshika kalamu, "Muandike, muandike tu, mimi namjua kuwa alipanda," na kijana anamuuliza ushahidi. Nikamkumbuka karani wa Mkoani na kidole chake. Kwa mama yangu jina lilikuwamo na mtu hayumo. Kwa bibi yule mtu alikuwamo na jina halimo. Miezi kumi baadaye, Julai 2012, ikazama MV Skagit karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam, tena mchana.

Yako mambo yaliyobadilika, na si haki kuyanyamazia. Mwaka 2015 serikali ilileta meli mpya, MV Mapinduzi II, iliyoundwa Korea ya Kusini, ya abiria 1,200, na ikazinduliwa mwanzo wa 2016. Ziko boti za mwendo wa kasi za mchana. Vijana wa leo wanaweza kumpigia simu mzee wakiwa wamekaa kwenye kiti. Lakini meli ya usiku ni rahisi, inachukua mzigo, na mtu hapotezi siku yake ya kazi, kwa hiyo itaendelea kupendwa, na mimi mwenyewe naipenda.

Kwa hiyo vijana, nakupeni mambo ya kutazama, maana macho hayalipiwi. Kabla ya kupanda, tazama ubavu wa meli, katikati, karibu na maji. Utaona duara iliyokatwa na mstari, na pembeni yake vistari vyenye herufi. Hiyo ni alama ya Plimsoll. Samuel Plimsoll alikuwa mbunge wa Uingereza aliyepiga kelele juu ya wenye meli waliojaza mizigo mpaka mabaharia wakazama, na sheria ya alama hiyo ikapitishwa mwaka 1876. Mstari wenye herufi T ni wa bahari za nchi za joto kama yetu, na ule wenye F ni wa maji baridi, yasiyo chumvi. Mstari wetu ukiwa umeingia majini, meli imebeba kupita kiasi, hata kama nahodha ni mjomba wako. Lakini alama hii inapima uzito tu. Haijui uzito umewekwa wapi. Watu mia tatu waliorundikana juu ni hatari kuliko magunia yenye uzito ule ule chini. Na maji yakiingia katika ile daraja pana ya magari, hata kidogo, hayatulii. Hukimbilia upande ulioinama, yakazidi kuuinamisha. Ukiona maji yanatembea chini na watu wanaambiwa wasijali, wewe jali. Na jaketi, litazame lilipo kabla hujatandika mkeka.

Na jambo la mwisho ni jina. Siku hizi tikti ina jina, na kitambulisho huulizwa. Lakini muhula uliopita nilikuwa gatini nikimsindikiza mjukuu, nikawaona vijana watano wenye sare ya skuli hii, tikti zao zote zimekatwa kwa jina la mmoja wao, kwa sababu ndiye aliyekwenda dirishani. Nilipowauliza walicheka. Walikuwa na adabu. Walinichukulia na mzigo. Sikuwagombeza, kwani mimi nani hata niwagombeze.

Nilizungumza na Mwalimu Mkuu, na jirani yangu wa kitanda cha nne akatoa fedha. Tumenunua daftari. Ndilo hili, kurasa mia mbili, jalada gumu. Lina nafasi ya jina la mwanafunzi, jina la meli, nambari ya tikti, tarehe, na jina la mtu atakayempokea Mkoani au Wete, pamoja na simu yake. Akibadilisha safari, arudi akate mstari na kuandika upya. Mwalimu wa dahalia ataliweka. Asiyekuwa na nauli ya tikti yake mwenyewe aseme kwa Katibu kwa siri, Chama kitamsaidia. Hilo tulilipitisha asubuhi.

Skuli inafungwa Ijumaa. Mkutano huu ukimalizika mimi na jirani yangu tutakaa pale mlangoni, kwenye meza yenye kitambaa cha kijani, na kalamu tunazo mbili. Wa Pemba waanze.